Miaka Yangu ya Kubeba Machela

Siku yangu ya kwanza jeshini, katika kambi ya muda iliyokuwa nje kidogo ya mji wa Iringa, nilikabidhiwa mkono wa nyuma wa kushoto wa machela. Nilisikitika. Nilikuwa nimetembea siku mbili kutoka kwetu Mufindi, na njia nzima nilikuwa nikijiona na bunduki begani. Ilikuwa miaka ya hamsini, mkoloni bado yupo, na kijana wa Kibena aliyeishia darasa la nne katika shule ya misheni hakuwa na njia nyingi mbele yake. Wenzangu walikwenda kwenye mashamba ya chai, wengine kwenye mkonge huko Tanga. Mimi nilichagua jeshi kwa sababu nilikuwa na nguvu na nilitaka nguvu hizo zionekane.

Aliyetupokea alikuwa Sajini Mkufunzi wa kikosi cha tiba, mtu wa Songea, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma, na huko alibeba majeruhi msituni miaka miwili. Alitupanga mstari, akatutazama mabega na viganja, kisha akaanza kutugawa wanne wanne.

Alinifikia mimi, akaniuliza, "Jina?"

"Gideoni, afande."

"Kwenu?"

"Mufindi, afande."

"Nenda kwa yule Koplo. Utakuwa Namba Nne."

Koplo aliyenionyesha aliitwa Ambakisye, Mnyakyusa wa Tukuyu, mfupi, mwenye kifua kipana. Yeye ndiye Namba Moja, kiongozi wa machela yetu. Namba Mbili alikuwa Saidi, mtoto wa mfanyabiashara wa mjini Iringa ambaye babu yake alitoka Bagamoyo. Kiswahili chake kilikuwa laini kiasi kwamba sisi wa bara tulikuwa tukinyamaza ili tumsikie. Namba Tatu alikuwa Zabloni, Msafwa wa milima ya Mbeya, mtu wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa yamepinda. Baadaye nilijua kwamba Sajini alituchanganya kwa makusudi. Alisema watu wa lugha moja huelewana haraka mno, wakaacha kusema, na yeye alitaka watu wanaolazimika kusema.

Vijana wa siku hizi wamezoea vitanda vya magurudumu, kwa hiyo nieleze machela yenyewe. Ilikuwa na miti miwili mirefu, katikati turubai, chini miguu minne mifupi ya chuma. Ncha nne za ile miti ndiyo mikono, na kila mkono una mtu wake. Mbele kulia anakaa Namba Moja, anayeona njia na kutoa amri. Mbele kushoto ni Namba Mbili. Nyuma kulia ni Namba Tatu na nyuma kushoto ni Namba Nne. Amri zilikuwa chache: Tayari, Inua, Twende, Shusha. Tulizitamka kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotukutanisha, ingawa Bwana Daktari, kapteni Mwingereza aliyekuwa mkuu wa kikosi, alizipenda zaidi kwa Kiingereza.

Jambo la kwanza tulilofundishwa lilitushangaza. Kwenye kwata askari wote hupiga mguu mmoja, lakini kwenye machela ni marufuku. Wabebaji wakienda hatua moja, turubai linayumba kama kitanda cha mtoto, na mtu aliyevunjika mfupa anaumia kila hatua. Wa mbele wakitanguliza mguu wa kushoto, wa nyuma watangulize wa kulia. Sisi tuliokuwa tumepigiwa kelele wiki nzima za "kushoto, kulia" ilitubidi tujifunze kutembea upya. Ili kutufundisha, Sajini aliweka karai la maji juu ya turubai. Tulizunguka uwanja tukilibeba, tukapanda kilima, tukashuka. Maji yakimwagika, wote wanne tulishuka mtoni Ruaha kulijaza tena, mwendo wa nusu saa kwenda na kurudi.

Siku moja tulishuka mara sita. Saidi alikaa juu ya jiwe kule mtoni, akasema, "Jamani, tumwombe Sajini aweke mchanga. Mchanga haumwagiki."

Ambakisye akamjibu, "Mchanga hausemi ukweli. Beba."

Amri ya tano ndiyo iliyotia dosari maisha yangu yote. Ilikuwa Badili. Mtu yeyote kati ya wanne, akihisi mkono wake unaanza kufa ganzi, aliruhusiwa kuitamka, na aliagizwa kuitamka mapema. Ikishatamkwa, Namba Moja hutafuta mahali sawa, machela inashushwa, wa kushoto wanakwenda kulia na wa kulia wanakuja kushoto, mkono uliochoka unapumzika. Sajini alituambia hivi, na aliyarudia kila Jumatatu: "Namba Moja haoni vidole vyako. Usiposema, hakuna atakayejua mpaka mgonjwa aanguke."

Zabloni aliitumia amri hiyo kuliko sisi wote. Kila baada ya hatua mia mbili au mia tatu utamsikia, "Badili. Mkono yangu imekwisha." Tulikuwa tukimcheka. Tulimwita Bwana Badili. Mimi nilikuwa wa kwanza kumcheka, kwa kuwa katika miezi minne ya mafunzo sikuwahi kuitamka hata mara moja. Nilishika mpaka wengine waseme. Bwana Daktari aliwahi kunigonga bega mbele ya kikosi na kusema kwa Kiswahili chake, "Huyu mtu ni farasi." Nililala na neno hilo kama mtu aliyepewa nishani.

Mafunzo yalipokwisha tulihamishiwa Mbeya, Sajini na Bwana Daktari pamoja nasi. Lori lilitupitisha Mafinga, tukateremka Bonde la Usangu kwenye vumbi, tukapanda tena. Kambi ilikuwa chini ya mlima, na baridi ya Juni ilitukuta hatujapewa makoti. Ambakisye alifurahi, alikuwa karibu na kwao. Alitutafutia ndizi za kupika kutoka kwa shangazi yake aliyekuja sokoni, akatufundisha kuzila na maharage. Katika kipindi hicho tuliambiwa pia kwamba jina lake limependekezwa kwa cheo cha sajini. Tepe ya tatu kwa mtu wa miaka ishirini na sita halikuwa jambo dogo. Baba yake, mchungaji wa kanisa la Moravian, alikwisha pata habari na alikuwa akimwandikia barua kila wiki.

Mwezi huo kombania moja ya askari wa miguu ilipanda milima ya Uporoto kwa mazoezi ya siku tatu, na machela yetu ikaambatana nayo pamoja na Sajini. Siku ya pili ukungu ulishuka. Mvua nyepesi, ile ambayo haina sauti, ililowesha kila kitu. Kabla ya saa sita mchana askari mmoja, Lukasi, kijana wa Kihehe kutoka Kalenga, aliteleza kwenye jabali akaanguka kwenye bonde dogo. Tulipomfikia, paja la kulia lilikuwa limevunjika. Mguu ulikuwa umegeukia nje na umekuwa mfupi kuliko mwenzake, ndiyo dalili yake.

Sajini alifanya kazi bila haraka. Alimchoma sindano ya mofini kutuliza maumivu, akauvuta mguu polepole huku Saidi akimshika Lukasi mabega, akaufunga kwenye banzi refu la mbao kutoka kwapani hadi kisiginoni. Ngozi ilikuwa nzima. Alitwambia, "Mfupa umekaa ndani. Mkimfikisha hivi hivi, atatembea." Aliwatuma askari wawili wakimbie mbele hadi barabara kuu ya Uyole wakasimamishe lori. Yeye mwenyewe aliamriwa na kamanda wa kombania abaki, kwa sababu watu wengine mia walikuwa bado mlimani kwenye ukungu ule. Alimkabidhi Ambakisye safari.

Kwa kawaida ukishuka mlima mgonjwa hutanguliza miguu. Lakini aliyevunjika paja hutanguliza kichwa, uzito wa mwili usije ukaukandamiza mguu. Ambakisye aliikumbuka kanuni hiyo bila kuambiwa. Kwa hiyo mimi na Zabloni, tuliokuwa nyuma, tulikuwa upande wa miguu, juu ya mteremko, na Lukasi alilala akitutazama sisi wawili usoni.

Tulitembea kwa muda wa saa nne. Njia ilipita kwenye mashamba ya pareto, kisha kwenye msitu wa mianzi, kisha kwenye majani marefu yanayoficha mawe. Ambakisye alisimamisha kila alipoona mahali sawa, lakini mahali sawa palikuwa pachache. Zabloni alisema Badili mara nyingi kama kawaida yake. Mara ya mwisho tuliyobadili nilirudi kushoto, nikashika, tukaanza kushuka kuelekea kijito ambacho ng'ambo yake barabara ya lori ilikuwa haizidi nusu maili. Tulisikia honi. Askari waliotangulia walikuwa wamepata gari.

Katikati ya mteremko ule vidole vyangu vilianza kufa. Nilivihisi kimoja kimoja, kuanzia kile kidole kidogo. Zabloni aligeuza shingo akanitazama.

"Gideoni, tubadili?"

"Bado," nikasema. "Twende. Tumeshafika."

"Hapa pako sawa kidogo."

"Nimesema bado."

Alirudisha macho kwenye njia. Tuliingia kwenye kijito, maji ya magotini, mawe yenye utelezi. Hatua ya tatu au ya nne mkono wa machela ulinitoka. Sikuteleza. Mguu wangu ulikuwa imara kabisa kwenye mchanga. Vidole vilifunguka vyenyewe, nikaona mti ule unashuka na mimi nimesimama, mkono wazi. Kona yangu ilianguka, banzi likagonga jiwe, na Lukasi akatoa sauti ambayo sitaieleza. Zabloni alijitupa magoti majini akaweka bega chini ya turubai, ndiyo maana Lukasi hakuingia majini. Tulipomwinua, bendeji ya paja ilikuwa nyekundu. Mfupa ulikuwa umetoboa ngozi.

Tulimbeba hadi kwenye lori. Tulimfikisha hospitali ya Mbeya kabla ya jua kuzama.

Kesho yake jioni Sajini alirudi kutoka mlimani akaenda hospitali kwanza, kisha akatuita. Alisimama mbele yetu wanne kwenye bwalo la chakula.

"Niliwapa mtu mwenye ngozi nzima," akasema. "Nani aliachia?"

Ambakisye akajibu, "Tuliangusha sote, afande. Mimi ndiye Namba Moja."

"Sikuuliza nani Namba Moja. Nimeuliza nani aliachia."

"Machela ilikuwa yangu, afande."

Sajini alimtazama Saidi. Saidi alikuwa mbele, hakuona kitu, akasema kweli kwamba hajui. Alimtazama Zabloni. Zabloni aliona kila kitu. Alisema, "Mimi nilikuwa naangalia maji, afande." Kisha Sajini alinitazama mimi, muda mrefu, na mimi nikatazama ukuta. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja, na watu waliniita farasi.

Nilikaa hivyo siku tatu. Usiku sikulala vizuri, lakini mchana nilikula, nilifanya kwata, nilicheka pale wengine walipocheka. Napenda kusema hivyo wazi, kwa sababu wazee tunaposimulia huwa tunajipa majuto ya haraka kuliko tuliyokuwa nayo. Kilichonitoa kilikuwa habari ya kwamba jeraha la Lukasi limeingia usaha, na Bwana Daktari anafikiria kuukata mguu. Siku ya nne asubuhi nilikwenda ofisini kwa Sajini nikasimama mlangoni.

"Ni mimi niliyeachia, afande. Zabloni aliniuliza kama tubadili, nikakataa."

Aliweka kalamu chini. "Kwa nini ulikataa?"

"Nilitaka kufika, afande."

"Na jana? Na juzi?"

Niliitazama ile kalamu mezani.

"Umechelewa," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Taarifa imekwisha kwenda Iringa. Imeandikwa kwamba kiongozi wa machela alipokea lawama mwenyewe. Tepe ya Ambakisye imefutwa jana. Naweza kuandika nyingine juu ya maneno yako, lakini wakubwa hawapendi kusoma jambo moja mara mbili."

Aliandika hata hivyo. Nilipewa siku kumi na nne za kifungo cha kambini na kazi ngumu, na Ambakisye hakurudishiwa kitu. Alibaki koplo miaka mitano zaidi. Nilidhani Sajini ataniondoa kwenye machela, nami nilitaka hivyo. Badala yake alinirudisha mkono ule ule, na akanipa agizo moja: kila Zabloni atakaposema Badili, nami niseme.

Jioni ile nilimkuta Ambakisye nyuma ya jiko akimenya ndizi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Aliendelea kumenya.

"Koplo, nimekwenda kwa Sajini."

"Nimesikia."

"Baba yako..."

"Baba nimeshamwandikia." Alichukua ndizi nyingine. "Ulinyamaza mlimani, ukanyamaza kambini siku tatu. Mimi nilikusubiri. Siku ya kwanza nilisema, leo atasema. Siku ya pili nikaanza kukuchukia." Akanisogezea kisu cha pili. "Sasa umesema. Kaa umenye, wenzako wana njaa."

Hatukuzungumza tena habari hiyo, lakini tulibeba pamoja karibu miaka mitatu baada ya hapo. Tulibeba waliovunjika, waliougua homa ya matumbo, na mama mmoja wa Igawilo aliyeshindwa kujifungua. Watu wake walituita kwa kuwa tulikuwa karibu kuliko hospitali. Wakati huo nilikuwa nasema Badili bila kusubiri, na askari wapya walinicheka kama tulivyomcheka Zabloni. Kuchekwa kuliniuma mwaka wa kwanza tu.

Mguu wa Lukasi haukukatwa. Ulipona ukiwa mfupi kwa inchi mbili, akaachishwa jeshi. Sikwenda kumtazama hospitali hata mara moja. Wenzangu walikwenda, mimi nilitafuta zamu.

Nilipomaliza mkataba niliingia kazi ya udresa katika hospitali ya Iringa, kusafisha vidonda na kufunga mifupa, na huko ndiko nilikomaliza utumishi wangu. Miaka mingi baadaye, nchi ikiwa imekwisha pata uhuru, nilikwenda Mafinga kuagiza mbao za paa. Kwenye kiwanda cha mbao niliona mtu ameketi kwenye kigoda ananoa meno ya msumeno kwa tupa, kiatu cha mguu wa kulia kimeongezwa soli nene. Nilimtambua kabla hajainua kichwa.

"Kamwene," nikamsalimu kwa lugha ya kwetu.

Aliitikia, akanitazama. "Wewe ndiye wa nyuma kushoto," akasema.

Nilivuta gogo nikaketi. Nilimwambia yale niliyopaswa kumwambia hospitali: kwamba sikuteleza, kwamba niliulizwa nikakataa, kwamba mguu ule uliharibiwa na kiburi changu. Alisikiliza akiendelea kupitisha tupa kwenye jino la msumeno.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nakutazama. Nililala kichwa chini, wewe uko juu yangu, nitazame wapi tena? Jasho lilikuwa linakudondoka puani. Mti ulikuwa unatetemeka, nausikia mpaka kwenye kisigino. Kabla hatujaingia majini nilijua utaachia."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Mtu amekubeba tangu mchana, umwambie amechoka? Niliona haya." Alipuliza unga wa chuma. "Nimefikiri sana habari hiyo. Ningesema neno moja tu, yule Msafwa angeshusha."

Nilimwambia kwamba kosa halikuwa lake. Alisema anajua hilo pia. Tulikula pamoja mchana ule, na mbao zangu alinichagulia yeye mwenyewe, zisizo na vifundo.

Niliporudi kazini niliongeza jambo moja katika mafunzo ya madresa vijana. Sajini alitufundisha kwamba machela ina watu wanne. Mimi niliwafundisha kwamba ina watano. Kabla ya kuinua, Namba Moja amwinamie mgonjwa amwambie: ukiona mmoja wetu anachoka, sema. Madaktari wengine walilicheka hilo. Mgonjwa ana maumivu yake, walisema, asibebeshwe na yetu. Huenda walikuwa na haki. Sikuwahi kuhesabu ni wagonjwa wangapi walisema, na ninavyokumbuka hawakuwa wengi. Watu wengi wanaobebwa huona haya.

Mwaka jana nililazwa nikapasuliwa ngiri. Vijana wawili walikuja kunihamisha kutoka kwenye kitanda cha magurudumu kwenda kitanda cha wodini, kwa sababu mhudumu wa tatu hakuwepo. Waliniinua kwa shuka. Aliyekuwa upande wa kichwa alikuwa kijana mwenye mwili, na nilihisi shuka linatetemeka nyuma ya shingo yangu.

"Mwanangu," nikamwambia, "umechoka. Niweke chini kwanza."

"Hapana babu, tumeshafika."

"Niweke chini."

Walinirudisha pale nilipokuwa. Kijana alikunjua vidole vyake, akavitazama, akacheka kidogo kwa aibu. Kisha alitoka kwenda kumwita mtu wa tatu, nami nikamsubiri.